Sanduku la Vibonzo la Mama Lisifungwe

Novemba 2025 nakala moja ya Superman namba 1, jarida la vibonzo lililochapwa Marekani mwaka 1939, iliuzwa mnadani huko Texas kwa dola milioni 9.12. Kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi bilioni 20. Ndugu watatu, watu wazima, waliikuta darini kwenye nyumba ya marehemu mama yao California, ndani ya boksi, chini ya magazeti ya zamani. Habari hiyo ilifika Tanga kama zinavyofika habari zote siku hizi, ikirushwa kutoka simu hadi simu, na kila iliporushwa iliongezewa usia: mwenye vibonzo vya zamani asivitupe, avifungie, iko siku vitamtoa. Naandika kuupinga usia huo. Anayeufuata atapoteza mara mbili. Fedha hatazipata, na kile ambacho vibonzo vyake vingeweza kumpa leo, yaani watoto wanaosoma kwa kupenda wenyewe, atakuwa amekitia kufuli.

Ninaye akilini mtu mahususi. Ngamiani, hapa Tanga, yupo mama mmoja, fundi cherehani, ambaye tangu usichana wake anakusanya majarida ya hadithi za picha za Kiswahili: Sani, Kingo, na mengine ambayo hayakudumu sokoni. Huyanunua kwenye meza za magazeti makuukuu, hubadilishana na wenzake, na mara nyingine huyaokoa kwa muuza karanga kabla hayajachanwa kuwa vifungashio. Tena huyasoma. Kazi ikipungua huketi barazani na toleo mkononi, anacheka kwa sauti, na wanawe wamekua wakigombania nani asome maneno ya mhusika yupi. Tangu habari ya Superman ienee, watu wanamwendea na ushauri. Wengine wanamwambia ayatie kwenye nailoni na asiruhusu mtoto kuyagusa. Wengine wanauliza bei. Na wale waliokuwa wakimcheka, mtu mzima na vikatuni, sasa wanamheshimu kwa ajili ya fedha ambazo hana na wala hatakuwa nazo.

Tuanze na nakala yenyewe, maana thamani yake inasimuliwa nusu nusu. Mwaka 1939 jarida lile liliuzwa senti 10, na wanunuzi wake walikuwa watoto. Lilichapwa kwa wingi, likasomwa, likakunjwa, likabadilishwa kwa jingine, likatupwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani walihimizwa kutoa karatasi chakavu zitumike upya kwa mahitaji ya vita, na vibonzo vingi vikaenda humo. Vita ilipokwisha, wazazi na walimu katika baadhi ya miji walivichoma hadharani wakiamini vinapotosha vijana. Vilivyosalia ni vichache, na vilivyosalia vikiwa safi ni vichache zaidi. Ipo kampuni iitwayo CGC, iliyoanza kazi mwaka 2000, ambayo huvipa alama kuanzia 0.5 hadi 10 na kisha kuvifungia ndani ya plastiki ngumu. Nakala ya wale ndugu watatu ilipata 9.0, na hakuna nyingine ya toleo hilo inayojulikana iliyowahi kupata zaidi. Ikishafungwa hivyo haifunuliwi tena bila kuipoteza alama hiyo. Aliyeinunua amenunua jarida asiloweza kulisoma.

Na mama yule wa California? Yeye na kaka yake walinunua vibonzo vyao kati ya Mdororo Mkuu wa uchumi na mwanzo wa vita, wakiwa wadogo. Alipokuwa mtu mzima aliwaambia wanawe kwamba anavyo vibonzo vya thamani, lakini hakuwaonyesha. Waliviona baada ya yeye kufariki. Simlaumu, kwa kuwa alikuwa na haki ya kuficha anachokipenda, na wanawe wamepata urithi ambao familia nyingi haziwezi hata kuuota. Lakini tukitaka kujifunza kitu kutoka kwake kuhusu malezi, tuseme wazi kilichotokea: watoto walikua ndani ya nyumba moja na hadithi hizo bila kuzisoma. Usafi wa kurasa ndio ulioleta mamilioni, na usafi huo ulitokana na kutoguswa. Mama wa Ngamiani kurasa zake zina alama za vidole, mafuta ya taa na chai. Kwa mizani ya mnada hazina kitu. Kwa mizani ya mzazi, kila alama pale ni mtoto aliyefika hadi ukurasa huo.

Kuna wanaodhani ukianza mapema kuweka akiba ya vibonzo utavuna tu. Wamarekani wenyewe walishalijaribu hilo wakashindwa. Mwaka 1991 toleo la kwanza la X-Men katika mfululizo mpya liliuza nakala zaidi ya milioni 8, na mwaka uliofuata toleo la kifo cha Superman likapangiwa foleni madukani. Watu wengi walinunua nakala kadhaa kadhaa, wakazitia kwenye mifuko maalumu, wakasubiri utajiri. Kila mtu akatunza, kwa hiyo hakuna kilichoadimika. Soko likaporomoka, maduka mengi ya vibonzo yakafungwa, na Desemba 1996 kampuni ya Marvel yenyewe ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Leo nakala ile ya X-Men unaipata kwa dola chache. Nakala zilizopanda bei ni zile ambazo wakati wake hakuna aliyefikiri zina bei, na hilo haliwezi kupangwa na mtu yeyote, awe Texas au Makorora ya hapa Tanga.

Hapa kwetu pengo ni kubwa zaidi. Marekani tangu 1970 kuna kitabu cha bei kinachotolewa mara kwa mara, kuna wapimaji, kuna nyumba za mnada, na juu ya yote kuna wahusika ambao hawajaachwa kufa. Superman alizaliwa mwaka 1938 na filamu yake mpya imeonyeshwa 2025. Mtoto wa leo na babu yake wanamjua wote wawili. Sasa muulize mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Tanga kama anamjua Ndumilakuwili au Lodilofa, wahusika wa jarida la Sani. Atakutazama. Hakuna mnunuzi atakayetoa mamilioni kwa mhusika asiyemjua, na hawezi kumjua kama majarida yote yamo ndani ya nailoni. Hata anayetaka faida, basi, njia yake ingeanzia kwenye kusomwa.

Nikiwa hapo niseme jambo jingine ambalo shangwe ya mnada huliacha nje. Waliomtunga Superman, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zao mwaka 1938 kwa dola 130. Hundi yenyewe waliyolipwa iliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000, yaani kipande cha karatasi kilichowanyima mali yao kikawa na thamani kuliko malipo yao mara elfu moja na zaidi. Mnada humlipa aliyetunza, na mchoraji hapati hata senti. Anayewatakia mema wachoraji wa Tanzania asitamani mfumo huo uhamie huku kabla hajauliza nani atalipwa.

Sasa tuyaangalie majarida yaliyomo kwenye sanduku la bati la mama yule, maana watu wanaulizia bei yake bila kujua ni nini. Hadithi za picha za Kiswahili zina umri mrefu. Magazeti yalikuwa na vibonzo tangu wakati wa ukoloni. Kenya, Edward Gitau alichora Juha Kalulu kwa miongo mingi katika Taifa Leo. Tanzania, baada ya Uhuru, Christian Gregory alimleta Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru, naye akawa maarufu hadi watu wakaita vibonzo vyote kwa jina lake. Kisha likaja Sani, ambalo jina lake limetokana na waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico Ye Mbajo. Ndimo walimoishi Ndumilakuwili, Kipepe, Lodilofa na Madenge. Kijana Philip Ndunguru, mmoja wa mikono iliyowapa uhai wahusika hao, alifariki mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu tu. Miaka ya 1990, baada ya vyama vingi kurejea na magazeti binafsi kuchipuka, James Gayo akamleta Kingo, na kizazi cha kina Masoud Kipanya na Nathan Mpangala kikakua katika magazeti ya kila siku. Godfrey Mwampembwa, ambaye wengi wanamjua kama Gado, ni mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekwenda kuipatia Kenya baadhi ya vibonzo vyake vikali zaidi vya siasa.

Fikirini mazingira ambamo Sani lilitamba. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita ya Kagera ya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa hakuna, na karatasi ilikuwa shida mpaka kiwanda cha Mgololo, Mufindi, kilipoanza uzalishaji katikati ya miaka ya 1980. Magazeti ya kila siku yalikuwa ya chama na ya serikali. Katika hali hiyo watu wakatafuta karatasi ya kuchapia lofa anayejiona bwana mkubwa, mlaghai wa mjini na mtoto mtundu wa mtaani, na wasomaji wakatoa shilingi zao katika kipindi ambacho sukari na sabuni zilipangiwa foleni. Mwanahistoria anayetaka kujua watu wa kawaida walicheka nini wakati huo, walimwitaje mlanguzi, walivaaje, walitongozana kwa maneno gani, hatayapata hayo kwenye hotuba za siku hizo. Yamo kwenye vibonzo. Mjerumani Jigal Beez ameandika utafiti wa kina kuhusu vibonzo vya mwanzo vya Kiswahili, na namshukuru. Lakini inanisikitisha kwamba kwa mambo ya kwetu wenyewe msomaji wa Tanga anaweza kulazimika kuanzia Ulaya.

Mji huu ulipaswa kulijua hilo kuliko mingine. Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililotolewa na shule ya serikali ya Wajerumani, lilianza hapa Tanga mwaka 1904 na kuendelea hadi vita ilipolifunga mwaka 1916. Miaka mitano baada ya gazeti hilo kuanza, Shaaban Robert akazaliwa Vibambani, kusini kidogo ya mji. Tunajisifia mambo hayo mawili kila tunapopata jukwaa. Lakini sijawahi kuona nakala ya Kiongozi katika nyumba yoyote ya Tanga. Liliishia kwenye kufungia vitu, kuwashia moto, na midomoni mwa mchwa, kwa sababu wakati wake lilikuwa gazeti tu. Majarida ya vibonzo yanapita njia hiyohiyo sasa hivi, yakipimwa kwa kilo. Ndiyo maana anayeyakusanya, hata kama kilichomsukuma ni mapenzi tu, anafanya kazi ambayo taasisi hazijaifanya.

Wanawake wa Tanga wana masanduku ya khanga. Humo mna doti ambazo hazijakatwa, nyingine za harusi za mashoga waliokwishafariki, na mwenyewe anajua kila moja imeandikwa nini na aliipata lini. Hakuna anayemuuliza ataziuza lini, wala anayesema ni utoto. Tunaelewa kwamba zile ni maandishi na kumbukumbu, na kwamba binti anapofunguliwa sanduku lile anafundishwa jambo. Sanduku la vibonzo linastahili kutazamwa kwa jicho hilohilo.

Nije kwenye watoto. Shuleni tumekazania KKK, hasa tangu mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipojengwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu mwaka 2015, na mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 umeendelea na mkazo huo. Ni kazi njema na walimu wanaibeba kwa shida. Lakini mtoto anayejifunza kusoma shuleni kisha akarudi nyumba ambayo hakuna mtu mzima anayesoma ila ujumbe wa simu, hujifunza pia kwamba kusoma ni adhabu ya utotoni inayoisha pamoja na mtihani. Hilo halifundishwi kwa maneno, analiona. Na kinyume chake analiona vilevile. Mtoto anayemwona mama yake amezama kwenye karatasi bila kulazimishwa na mtu, akicheka peke yake, ataijongelea karatasi hiyo ajue kinachochekesha. Mwaka 2010 Evans na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha nchi 27 na kuonyesha kwamba watoto waliokulia kwenye nyumba zenye vitabu vingi, kama 500 hivi, walisoma shule miaka zaidi, hadi wastani wa miaka mitatu hivi, hata ukilinganisha wazazi wenye elimu na kazi za aina moja. Utafiti huo ulihesabu vitabu, majarida haukuyahesabu, na rafu ya vitabu 500 haipo kwenye nyumba nyingi za Mikanjuni. Ninachochukua kutoka humo ni kidogo na kinatosha: maandishi yaliyomo nyumbani yana kazi yake, mbali na cheti cha baba na cheti cha mama.

Wapinzani wa vibonzo wana hoja tatu, na haziko sawa kwa uzito. Nzito kuliko zote ni ya maudhui. Majarida yetu mengi ya vibonzo yaliandikwa kwa ajili ya watu wazima, na mengine yalichora wanawake kwa namna isiyofaa: makalio kwanza, akili baadaye, ama mchunaji ama mgomvi. Ulevi na kipigo vilitumika kuchekesha. Mimi mwenyewe nikiyafunua leo kuna kurasa zinazonikera, na sitamwambia mzazi yeyote ampe mtoto wa miaka minane toleo lolote lililomjia mkononi. Lakini hoja hii inadai uteuzi, haidai kufungia. Mama wa Ngamiani ana mafungu mawili, la kwake na la watoto, na mtoto anahama fungu kadiri anavyokua. Binti yake mkubwa ameanza kumuuliza kwa nini wanawake wa kwenye majarida yale hawana kazi. Swali hilo lisingezaliwa na ukimya. Afadhali aulizwe mama, jarida likiwa katikati yao, kuliko binti akutane na picha zilezile na mbaya zaidi kwenye simu, peke yake, usiku.

Ya pili ni fedha. Nyumba yenye deni la ada na kodi, wanasema, haina haki ya kununua karatasi za kuchekea. Naiheshimu hoja hii kwa kuwa mara nyingi inatoka kwa watu wanaohesabu shilingi kweli. Ila tuitazame kwa haki. Nakala kuukuu ya jarida haifiki gharama ya vocha ya wiki, na vocha ikiisha imeisha, ilhali jarida linasomwa na watoto watatu, jirani na watoto wa jirani kwa miaka. Kama kuna anasa katika nyumba zetu, nadhani tumekosea kuitafuta kwenye meza ya muuza magazeti.

Hoja ya tatu, iliyo dhaifu kuliko zote ingawa ndiyo inayosikika sana, ni kwamba vibonzo vinaharibu usomaji: mtoto atazoea picha, atavikimbia vitabu, na tabia itaharibika. Hoja hii ina historia, na historia yake haiifai. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili wa New York, Fredric Wertham, alitoa kitabu kilichowatuhumu wachapishaji wa vibonzo kwamba wanazalisha wahalifu. Baraza la Seneti la Marekani likafanya vikao kuhusu suala hilo mwaka uleule, wachapishaji wakatishika na kujiwekea kanuni kali za kujidhibiti, na kampuni kadhaa zikafa. Zaidi ya nusu karne baadaye mtafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Carol Tilley, alizipitia nyaraka za Wertham mwenyewe na kuonyesha, katika utafiti uliotoka 2012, kwamba alikuwa amebadilisha maelezo ya vijana aliowahoji, akaunganisha maneno ya watoto mbalimbali yaonekane ya mmoja, na akaacha yale yasiyounga mkono dai lake. Wachapishaji walitishwa kwa ushahidi uliopotoshwa. Tunaporudia leo, barazani Tanga, kwamba vikatuni vinaharibu watoto, tunarudia mabaki ya shauri hilo bila kujua lilikotoka.

Kuhusu lugha, ushahidi unakwenda upande mwingine kabisa. Mwaka 1988 watafiti Hayes na Ahrens walihesabu maneno adimu katika aina mbalimbali za Kiingereza. Katika vitabu vya watoto walipata kama maneno 31 kwa kila 1,000. Katika vibonzo walipata kama 53, sawa na vitabu vya watu wazima. Mazungumzo ya wasomi wa chuo kikuu yalikuwa na kama 17 tu. Hesabu ni ya Kiingereza, lakini sababu yake haina mipaka ya lugha. Picha hubeba maelezo ya mahali na vitendo, kwa hiyo maneno yanayobaki ni yale ya vinywani mwa watu: methali, vijembe, majina ya utani, misamiati ya kazi, lafudhi. Kiswahili cha hadithi za picha kina kariakoo yake na pwani yake, na msomaji anakikuta kikitumika, na uso wa msemaji ukiwa pembeni kumfafanulia. Tena kuna kazi ya akili ambayo hakuna anayeisema. Kati ya kisanduku kimoja na kinachofuata kuna jambo halikuchorwa. Mlevi yuko mlangoni, kisha yuko kitandani ana plasta. Katikati pale ni msomaji anayejaza. Mtoto anayejaza mapengo hayo anajizoeza kitu kilekile atakachotakiwa kukifanya mbele ya riwaya na mbele ya mkataba.

Nitaambiwa mtoto wa leo ana katuni kwenye simu, za bure, zenye sauti na rangi. Zipo nzuri. Lakini ile ni video, inakwenda na yeye anafuata. Ukurasa haukwendi popote mpaka msomaji ausogeze, naye anaweza kurudi nyuma, kumwonyesha mwenzake, kubishana naye kuhusu nani alisema nini. Kwa mtoto ambaye bado anaungaunga silabi, mwendo huo anaoumiliki mwenyewe una thamani kubwa.

Inabaki pingamizi moja ambalo halitolewi na wanaovidharau vibonzo, linatolewa na wanaovipenda, na ndilo linaloninyima usingizi. Watoto huchana. Kila toleo linaposomwa linaisha kidogo, na mengine pengine yamebaki machache mno. Je, si kweli kwamba kulifungua sanduku ni kuiteketeza hazina niliyoisifu hapo juu? Ni kweli kwa sehemu. Lakini kulifunga, kwa Tanga, hakuokoi kitu. Majarida haya yalichapwa kwenye karatasi ya magazeti, inayotengenezwa kwa massa ya mti ambayo ligini yake, yaani gundi ya asili inayoshika nyuzi za mti, haikuondolewa. Ligini hiyo hugeuka asidi, karatasi ikawa njano kisha ikavunjika kama kaukau hata isipoguswa na mtu. Joto na unyevu wa pwani huharakisha jambo hilo. Nailoni isiyopitisha hewa hufungia unyevu ndani pamoja na ukungu, na mchwa hawabishi hodi. Nyumba ile ya California ilisaidiwa na hali ya hewa ya ubaridi. Sisi hatuna dari la namna hiyo.

Kinachoweza kuokoa ni nakala za kidijitali, na hapo ndipo jambo linatoka kwa mama mmoja na kuwa la mji mzima. Kila ukurasa unaweza kupigwa picha safi hata kwa simu ya kawaida, mchana, kwenye meza ya kushonea. Ila kupiga picha kwa ajili ya kuhifadhi na kusambaza mitandaoni ni mambo mawili tofauti. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inailinda kazi kwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo michoro ya Philip Ndunguru peke yake inalindwa hadi 2036. Wapo vijana wenye nia njema wanaotaka kuyatupia majarida yote kwenye mtandao kesho. Wakifanya hivyo watawafanyia wachoraji wetu kile kilichofanyiwa kina Siegel, kazi ikasambaa na wenyewe wakabaki watupu. Bodi ya Huduma za Maktaba, ambayo kisheria wachapishaji wanapaswa kuipelekea nakala za machapisho yao, ina uwezo wa kufanya ambacho mtu binafsi hawezi: kukaa na Ofisi ya Hakimiliki, na wachapishaji, na warithi, wakubaliane masharti. Tanga ina maktaba ya mkoa iliyojengwa tangu kabla ya Uhuru. Inaweza kutenga meza moja kwa kazi hii, ikawakaribisha wenye masanduku waje na majarida yao, yapigwe picha mbele yao, warudi nayo nyumbani jioni hiyohiyo. Asiporudi nayo mwenyewe hatakuja mara ya pili, na watoto wake watakosa cha kusoma.

Wachapishaji nao wafikiriwe. Toleo jipya la hadithi teule za zamani, lililochujwa zile kurasa nilizozitaja, likiuzwa kwa bei ya daftari na mchoraji au mrithi wake akilipwa kwa kila nakala, lingewapa wazazi wasio na sanduku pa kuanzia, na nakala kuukuu zingepumzishwa. Wachoraji kadhaa wa kizazi kile bado wapo na bado wanachora. Warithi wa waliotangulia wanaweza kutafutwa. Mazungumzo nao yaanze sasa, wakati waliokuwa wakiyanunua majarida hayo yakiwa mapya wangali hai na wanakumbuka toleo gani lilifuata lipi, kwa sababu matoleo mengi yamepoteza majalada, na bila wao hata mpangilio wake hautapatikana.